Kufuli la Bi Mwanakheri

Hakimu aliinua muhuri, akauliza kama yupo anayepinga faili la wizi la Shomvi lifungwe, lisionwe tena na mwajiri yeyote. Kazi ya kuendesha basi la shule ilimngoja Shomvi hadi kesho tu.

Bi Mwanakheri, ambaye Shomvi alimvunjia duka ujanani, akasimama. Akatoa kufuli mkobani, akaliweka mezani.

"Ufunguo umenipotea. Nifungulie, mwanangu."

Watu wakacheka. Jasho likamtoka Shomvi.

"Mama, mikono imeshasahau."

"Imesahau, na macho hayabanduki kwenye kufuli? Mimi mwizi namsamehe. Mwongo, hapana."

Shomvi akamwomba Bi Mwanakheri pini ya mtandio. Kicheko hakijaisha, kufuli likafyatuka.

"Mshenzi wewe, bado fundi!" Bi Mwanakheri akasema. "Haya, lifunge."

Akalifunga, akamrudishia na pini yake.

"Mama," hakimu akauliza, muhuri ungali hewani, "unapinga?"

Bi Mwanakheri, pini mdomoni, alikuwa anajitengeneza mtandio kwanza.