Kilichomvunja Kiuno Bi Sitara

Bi Sitara alimtua mwari kwenye kizingiti cha bwana harusi, akabaki ameinama. Wapiga vigelegele wakadhani ndiyo ngoma mpya iliyotoka Unguja, nao wakainama. Mtaa wa Narung'ombe mzima ukacheza umekunja viuno mpaka adhana ya magharibi. Kila Bi Sitara alipolia, "Nakufa, jamani!" wenziwe walimwitikia kama kibwagizo.

Alirudishwa kwake kwa mkokoteni.

Bi Sitara alikuwa kungwi, na Kariakoo yote ilijua kuwa mwari wake hakanyagi ardhi siku ya harusi. Hufunikwa kanga gubigubi, akabebwa mgongoni toka kwa mama yake hadi kwa mumewe. Alishawabeba wanene na warefu, na mmoja aliyelala njiani akakoroma. Lakini huyu Sabaha, binti wa Bi Mwanamkuu, alikuwa mwembamba wa kupeperushwa na upepo. Sasa kiuno kimevunjwa na nini?

Swali hilo halikuwa la mchezo. Ijumaa ya juma la pili yake kulikuwa na harusi kubwa Mtaa wa Sikukuu, na Bi Chausiku, kungwi wa Gerezani, alishaanza kujinyoosha mgongo mbele za watu.

Mumewe, Mzee Mbaruku, ndiye aliyepata jibu la kwanza. Kitanda kimelegea kamba! Akaziwamba upya kwa nguvu zake zote, hata Bi Sitara alipojitupa kulala, kitanda kikamrusha sakafuni. Mzee alipokuwa akimkanda kwa mafuta ya nazi ndipo alipoona alama kiunoni: duara la zambarau, kubwa kama kisahani cha kahawa, na kitone kimoja pembeni.

"Hiki nini, mke wangu?"

"Mimi nina macho mgongoni?"

Wakaenda kwa mganga. Mganga akalitazama lile duara, akafumba macho, akatangaza kuwa ni unyayo wa jini mwenye mguu mmoja.

"Na hiki kitone?" aliuliza Mbaruku.

"Fimbo yake."

Kesho yake wakajaribu zahanati, kwa Bwana Anselmi, kijana mpole aliyetoka Kilimanjaro.

"Mama, siku hizi umebeba kitu kizito?"

"Nimebeba mwari."

"Mzito?"

"Ukipiga chafya humwoni tena."

Anselmi akazitazama mvi zake kwa huruma. "Basi ni umri, mama."

Neno hilo lilimuuma kuliko kiuno chenyewe. Jini hutolewa, na kamba za kitanda huwambwa. Uzee unautoa kwa nini?

Bi Mwanamkuu, mama wa mwari, alikuja kumpa pole, akaishia kupewa pole yeye. Siku ileile ya harusi, nyumba imejaa watu hadi uani, mwizi aliingia chumbani mwake akamwibia cherehani! Cherehani ambayo Sabaha aliililia miaka yote akanyimwa, ikawekwa kwa ajili ya mke wa kaka yake.

"Binti nimemtoa kwa hiari yangu, shoga," alilia Bi Mwanamkuu, "lakini cherehani!"

Machozi yalipokauka, akakohoa kidogo. "Mjumbe hauawi. Watu wa Sikukuu wanaogopa utamwangusha mwari wao. Usiposimama wima kabla ya Ijumaa, kazi ni ya Chausiku."

Alipoondoka, Bi Sitara alijifunika kanga akalia. Hakujua kazi nyingine. Nusu ya wanawake wa Kariakoo walikuwa wameingia maishani mwa waume zao kwa mgongo wake, na leo mgongo huo unaitwa mzee.

Fungate ilipokwisha, alikwenda kumjulia hali mwari wake kama ilivyo ada, akijikongoja kwa fimbo ya mumewe.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Ndoa inakwendaje?"

Sabaha aliiona ile fimbo, akainamisha uso. "Nasikia wanasema umezeeka, somo."

"Wanasema kweli. Nimekubeba wewe, ubua mtupu, nikavunjika. Ningembeba mama yako ungenikuta kaburini."

Badala ya kucheka, Sabaha akaanza kutokwa machozi. Akaingia ndani, akarudi na gauni jipya la maua. "Nimekushonea wewe. Nakuomba radhi."

"Radhi ya nini tena?"

Msichana akamkabidhi gauni. Bi Sitara akaligeuza pindo la gauni. Uzi ulikuwa umenyooka toka mwanzo hadi mwisho, vishimo vimelingana kama vimepimwa.

"Umelishona kwa mkono?"

Sabaha akatikisa kichwa. Akamshika somo wake mkono, akamwingiza chumbani, akafunga mlango, kisha akaivuta kanga iliyofunika cherehani mezani.

Fimbo ikamponyoka Bi Sitara. Alilitazama gurudumu, akakitazama kishikio kilichochomoza pembeni yake. Akaigeuzia mashine mgongo, akarudi kinyumenyume, taratibu, mpaka vyote viwili vikamgusa kiunoni. Vilikaa palepale, kama kifuniko na chungu chake.

Bi Sitara akapiga kigelegele.