Siku Tatu Kabla ya Kliniki

"Mishipa mitatu ya moyo imeziba zaidi ya nusu," daktari alisema. "Kisukari huiharibu taratibu, kwa miaka. Lakini kila kliniki sukari yako ilikuwa nzuri. Sielewi."

Mgonjwa, fundi seremala, alikodolea dari macho kama anayekagua mbao. Vidole vyake vigumu vilitoka chini ya shuka vikamfinya mkewe mkono: nyamaza.

Hasira ikampanda mkewe. Miaka kumi mwanamume huyu alimeza dawa na kuacha soda siku tatu tu kabla ya kila kliniki, kisha akarudi nyumbani akijisifu: "Nimewapiga chenga, mama watoto."

"Sasa umempiga chenga nani?" mkewe alimuuliza kwa sauti ya chini.

Akavibandua vidole vile kimoja kimoja.

"Daktari, shika kalamu uandike."