Kichaka Kinachonguruma

Usiku wa manane kichaka kitakatifu kilinguruma, "Khoooo!", kama kila usiku, lakini Digidigi alikuwa anakimbizwa na Chui, ana mtoto mchanga, angefanyaje? Akajitosa ndani. Chui akasimama ukingoni, akainamisha kichwa, akaondoka kinyumenyume kama mila inavyotaka.

Ndani, Digidigi akamkuta Kobe anakoroma.

"Babu! Mzimu wenyewe ndiye wewe? Miaka yote tunapita hapa kinyumenyume, tunajikwaa, mume wangu akavunjika mguu, kumbe ni usingizi wako? Kesho namtangazia kila mnyama!"

Kobe akapiga miayo. "Tangaza, mjukuu wangu. Chui naye atasikia."

Digidigi akamtazama mwanawe, keshalala.

"Basi koroma, babu," akanong'ona, "tena kwa nguvu. Simwambii mwingine yeyote."