Uzi wa Mwau

Pikapu ngeni ilisimama mbele ya stoo ya Kasiva, sokoni Matinyani. Mzee mwembamba akashuka na kuuliza kama kuna ndengu za kuuza. Kasiva aliitambua sauti kabla ya uso. Mwau, dalali wa nafaka kutoka mji wa Salama.

Kwa miezi mingi bei ya ndengu ilikuwa imelala. Jumatatu ikaruka, Jumanne ikaporomoka, na leo imepaa tena. Ndivyo ilivyo siku zote: ikitulia, inatulia sana, ikishtuka, mishtuko hufuatana.

Msimu mmoja wa mishtuko kama hii, Mwau alishona magunia ya Jonah, babake Kasiva, kwa uzi wake wa buluu. Gunia likishonwa kwa uzi wa dalali, limeuzwa, mwingine haligusi. Pesa angeleta kesho yake. Kesho hiyo bei ikaanguka, Mwau asionekane. Jonah, mtu wa kanisa, alikataa kukata uzi wa mwenzake mpaka wadudu wakamaliza ndengu zote. Kasiva akaacha shule. Shamba likauzwa, na Jonah akafa akililima kama kibarua.

"Nikuite nani, mama?" Mwau aliuliza.

"Mama Mutanu." Jina la babake hakulitaja.

Mzee aliuchunguza uso wake kama anayeutambua. Kasiva akamtajia bei ya siku hiyo, akaongeza na kidogo juu. Mwau hakubishana.

"Shona leo, ulipe kesho," Kasiva alisema. "Si ndiyo desturi yenu?"

"Soko likishashtuka halilali, mama. Kesho inaweza kuwa mambo mengine."

"Unaogopa, mzee?"

Mwau akatoa sindano, akashona yote. Kasiva akampiga picha kwa simu. Bei ikipanda, atakayeumia ni yeye Kasiva, na alikuwa radhi. Ikishuka, mzee atatoroka tena, na picha itamfuata hadi Mtito Andei. Hakuna mkulima atakayemuuzia hata konzi moja. Aliomba ishuke. Hakuona haya kumwomba Mungu jambo hilo.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, bei ilikuwa imeshuka karibu nusu.

"Leo utaona mwanamume akikimbia uzi wake," Kasiva alimwambia jirani yake Kaveke, simu mkononi.

Mwau alifika kwa bodaboda. Pikapu alikuwa ameiuza Kitui mjini asubuhi hiyo, kwa hasara. Akampa Kasiva pesa kwa bei ya jana, hadi shilingi ya mwisho.

"Nilimwambia Jonah nitarudi kesho," alisema. "Nimechelewa."