Kibao cha Sita

"Wasikilizaji, kibao cha sita, kibovu kuliko vyote vitano vilivyotangulia!" Mtangazaji alicheka mwenyewe. Mbele yake lilikuwepo ganda lililopasuka la kaseti ya vibao vya miaka ya tisini. "Maneno matatu, kinanda cha kitoto, basi! Na huyu dada anayeitikia? Heri mbuzi wa jirani."

Nyuma ya kioo, fundi mitambo alishika mbavu.

"Tumtaje, jamani, aone haya." Akakunjua karatasi ya kaseti, ikachanika kwenye mkunjo. Maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi, akayafuata kwa ukucha. Gitaa. Kinanda. Mwitikiaji: Chiriku.

Bibi yake mtangazaji alizoea kumwita mama jina hilo, na mama alikuwa akifoka: "Niacheni, mimi sijui kuimba!"

Akausikiliza wimbo uliokuwa ukipigwa. Kila mwisho wa mstari, mwitikiaji alivuta pumzi kwa pua, kifupi, vilevile anavyovuta mama akipiga pasi huku redio imewashwa. Mama hajakosa kipindi cha mwanawe hata siku moja.

"Haya, nani huyo?" fundi aliuliza, bado anacheka.

Taa nyekundu ya maikrofoni ilikuwa inawaka. Mtangazaji akaizima, akapandisha sauti ya wimbo.