Kopi Kubwa ya Wabatizwa

Unajua kopi ndogo ya kompyuta inabeba nini? Mimi nilifundishwa leo, kwenye ofisi ya parokia: inabeba tu majina yaliyoongezwa baada ya kopi kubwa, ile yenye majina yote.

Kompyuta ya wabatizwa ilikufa wiki iliyopita, na vitabu vya karatasi vililiwa na mchwa zamani. Sylvie, sekretari, alijaribu mara tatu kurudisha majina kutoka kopi ndogo. Kila mara mashini ilikataa: kopi kubwa haipo.

"Ni miye niliifuta," alisema, akibandua rangi nyekundu ya kucha. "Video za kwaya zilikosa fasi."

Nikamwomba tena cheti ya ubatizo.

"Mama, cheti ya ubatizo ni ya nini tena? Unaolewa?"

Waliopanga mstari nyuma yangu wakacheka.

"Si yangu," nikasema. "Mutoto wangu aliishi siku tisa. Nilitaka tu nione jina yake imeandikwa fasi moja."