Mche wa Katikati ya Mafiga

Fremu ya mbao iliangukia pale ambapo Namsifu hakutaka iangukie. Ilizingira mafiga matatu meusi, na katikati yao, mahali pa moto, palikuwa pameota mche unaomfikia kiunoni.

Kazi yao ilikuwa kujua msitu ule mchanga una uzito gani. Hawakuweza kuupima wote, kwa hiyo walikuwa wakitupa fremu, wakikata kila kilichoota ndani yake na kukipima, kisha wakikadiria uliobaki.

"Hapa palikuwa jikoni kwetu," Namsifu alisema, "kabla hatujahamishwa. Mama alinizaa hapo, karibu na moto."

Kanaeli, mwenzake wa kazi, alishusha daftari. "Tuisogeze, dada? Hatua mbili tu. Nani atajua?"

Namsifu aligusa figa moja. Lilikuwa na joto, ingawa jua halikuwa limefika chini ya miti.

"Mama alikuwa akisema nilizaliwa mwepesi kama kinda la ndege. Lakini mizani hatukuwa nayo. Sikupimwa."

Akainama, akaukata mche kwa panga, akaukunja pamoja na majani yake yote. Kisha akavua kitenge alichojifunga, akauviringisha ndani yake taratibu na kuutundika kwenye ndoano ya mizani.

"Kilo ngapi?" Kanaeli aliuliza, kalamu mkononi.

Namsifu aliisogelea mizani. Upepo haukuwepo, lakini kitenge kilikuwa kikibembea polepole, na mshale wa mizani ulikuwa bado unapanda.